Bibi ananyamaza mkishindwa kushikana mikono: dhana na ukweli kuhusu karakana yetu

Nafanya kazi katika karakana ndogo ya ubunifu, komuni ya Katuba, Lubumbashi. Vijana wanatengeneza hadithi na michezo inayomjibu mtu anapoigusa au kuisemesha, na tunafuatilia pia jinsi watu wanavyoongea mtandaoni. Wazazi wanafika mlangoni na mambo waliyoyasikia juu yetu, na mengine yanawafanya wawabakize watoto nyumbani. Ndiyo maana naandika.

"Kazi hiyo inataka mashine za bei kali."

Hapana. Arduino, kibao cha elektroniki kilichoenea katika karakana za namna hii duniani, kilianza mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi waliohitaji kitu rahisi na cha bei ndogo. Mchoro wake uko wazi, anayeweza anajitengenezea. Scratch, ambayo watoto wanatumia kujifunza kuandika programu, ilitoka MIT Media Lab, maabara ya chuo kikuu cha MIT huko Marekani, mwaka 2007 na ni ya bure. Aliyetufundisha kulehemu ni fundi wa simu wa soko la Kenya, hapa hapa mjini.

"Kitu shirikishi ni kile chenye vitufe vya kubonyeza."

Hii ndiyo inayonikera zaidi. Hata redio ya babu ina vitufe. Kitu kinakuwa shirikishi pale jibu lako linapogeuza kinachofuata. Lubumbashi ililijua jambo hilo kabla ya kompyuta kuingia majumbani. Kundi la Mufwankolo lilicheza maigizo kwa Kiswahili cha hapa bila kushika maandiko: walikubaliana kisa, kila mmoja akajua nafasi yake, maneno yakazaliwa mbele ya watu. Mwaka 1986 walipigia mchezo wao picha za televisheni katika kijiji cha Kawama, na wanakijiji wenyewe wakaingia mchezoni.

Meza yetu inafuata njia hiyo. Ina vibati viwili vya shaba, kimoja kila upande, vimeungwa kwenye kibao kwa waya. Ukigusa vyote viwili, mkondo mdogo sana, usioweza kukurusha, unapita mwilini mwako kana kwamba wewe ndiwe waya, na hadithi ya bibi mmoja inaanza kusikika. Lakini vibati tumeviweka mbali. Mikono ya mtu mmoja haifiki, lazima watatu washikane. Mama mmoja aliyekuja kuuza maembe alishika mkono wa kijana asiyemjua, akasikiliza kidogo, kisha akauliza, "Na mmoja akiachia?" Akaachia mwenyewe ili aone. Bibi akanyamaza katikati ya neno. Mama akaudaka mkono wa yule kijana haraka, wakasikiliza mpaka mwisho, beseni la maembe likiwa chini miguuni.

"Mashine inayojibu vizuri imekuelewa."

Mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa MIT alitoa programu iliyoitwa ELIZA. Ilitafuta neno fulani katika sentensi yako, kisha ikakurudishia swali. Ukitaja mama yako, inakuomba uisimulie zaidi juu ya familia yako. Ni hivyo tu. Hata hivyo katibu wake, aliyemwona akiitengeneza miezi mingi, alipoanza kuongea nayo alimwomba Weizenbaum atoke chumbani, abaki nayo peke yake. Programu za leo ni kubwa kuliko ile kwa mbali sana, zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na zinakosea kwa lugha ile ile tamu zinayotumia kusema kweli. Vijana wetu wanaandika ELIZA yao wenyewe kwanza, waone ndani mna nini.

"Uvumi mtandaoni ni kosa la watu; chombo hakihusiki."

Uvumi tulikuwa nao toka zamani, tukauita redio trotwari. Ila redio trotwari ilikuwa na uso. Aliyekuletea habari amesimama mbele yako, unamuuliza, "Yaya, umeyatoa wapi hayo?" Ujumbe uliosambazwa mara ishirini hauna wa kuulizwa. Mwezi wa kwanza 2019, WhatsApp ilipunguza usambazaji kwa dunia nzima hadi mazungumzo matano kwa mara moja. Mwezi wa nne 2020, ujumbe uliokwisha kusambazwa sana ukaruhusiwa kupelekwa mahali pamoja tu kwa mara moja, na kampuni ikatangaza kwamba usambazaji wa jumbe za aina hiyo umeshuka kwa asilimia 70. Watumiaji walikuwa wale wale. Kilichobadilishwa ni kitufe. Katika kundi letu la karakana tumeweka sharti: ukitaka kupitisha sauti ya mtu mwingine, tanguliza sauti yako, useme nani amekupa.

"Kiswahili chetu hakiingii kwenye kompyuta."

Herufi zake ni zile zile za Kifaransa, na hata alama za juu hakina. Kinachopungua ni maandishi, kwa kuwa wengi wetu tunaongea Kiswahili siku nzima, na tukishika kalamu tunahamia Kifaransa. Kwa hiyo tunarekodi sauti, tunaziandika neno kwa neno jinsi zilivyotamkwa, na maneno ya Kifaransa yaliyochanganyika humo tunayaacha. Bibi wa kwenye meza tulimrekodi jikoni kwake akisonga bukari. Mwiko unasikika ukigonga sufuria, na hatukuufuta.