Michoro ya Ajanta haioshwi kwa maji

Nimekutana tena na lile swali: kwa nini Wahindi hawazioshi "fresko" za Ajanta, mapango ya Kibuddha yaliyochongwa mwambani India, ilhali za makanisa ya Italia husafishwa zikang'aa? Tafadhali, tuliache sasa. Mimi kazi yangu ni kuhifadhi michoro ya ukutani, na imani hii kwamba ni fresko zinazoweza kuoshwa ina madhara.

Fresko ni mchoro unaopakwa juu ya chokaa ya ukutani ikiwa bado mbichi. Inapokauka hugeuka jiwe, na rangi inanaswa humo humo. Mafundi wa Ajanta, kule jimbo la Maharashtra, walifuata njia nyingine kabisa. Juu ya mwamba walikandika udongo wenye mchanga, makapi ya mpunga na nyuzi za mimea, wakausawazisha kwa tabaka jembamba jeupe, wakaacha ukauke. Ndipo wakapaka rangi zilizochanganywa na gundi: udongo mwekundu na wa manjano, masizi, na buluu ya jiwe liitwalo lapis lazuli, iliyosafiri kutoka Afghanistan.

Gundi! Kinachoshika rangi ni hicho tu, na chini yake ni udongo wenye makapi. Ukitia maji, gundi inalegea na udongo unavimba. Wadudu nao wanayapenda yale makapi. Hata pumzi na jasho la watalii hupandisha unyevu pangoni.

Vitabu hulieleza lile tabaka jeupe kama chokaa, basi, yamekwisha. Ukutani mambo hayako hivyo. Kwingine ni jembamba kiasi kwamba wataalamu hubishana kama lipo. Na gundi ya karne ya 5 iliyofunikwa kwa vanishi za watu wa baadaye ni vigumu kuipima peke yake. Mimi siamini jibu moja kwa mapango yote.

Nenda pango la 10. Stupa yake, yaani kuba la ibada la Kibuddha, imechongwa kwenye mwamba ule ule, ni jiwe tupu lisilo na chumba ndani. Waumini waliizunguka kwa miguu, michoro ikiwa kandokando yao. Kuna michoro ya kabla ya Kristo, na kwenye nguzo kuna Mabuddha waliopakwa karne kadhaa baadaye. Enzi mbili, na zote walipaka juu ya ukuta mkavu.

Mwaka 1920 waliletwa warekebishaji kutoka Italia, wakapaka shelaki, aina ya vanishi, ili kuzuia rangi isibanduke. Ilisaidia kuishika. Kisha ikageuka ya manjano, ikanasa vumbi na masizi, ikaficha sura za watu. Kuiondoa ni kazi ya pamba na kiyeyushi, kipande kidogo kidogo, na unasimama mara tu pamba inapoanza kuchukua rangi.