Jina la utani la Swordfish halikutokana na nyaya zake

Wengi wanaotazama picha ya Fairey Swordfish, ndege ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1934 na kuja kuruka kutoka meli za kubebea ndege ili kurusha torpedo (kombora liendalo ndani ya maji), huona mabawa ya juu na ya chini yaliyofungwa kwa nyaya, kisha huamini kwamba jina lake la utani, Stringbag (mfuko wa nyuzi), lilitokana na nyaya hizo. Dhana hiyo inaeleweka, lakini si sahihi. Wanamaji waliifananisha ndege hiyo na mfuko wa nyuzi wa kwendea sokoni, ambao hutanuka kupokea chochote unachotiwa: torpedo ya kilo 730 hivi chini ya tumbo, mabomu ya kawaida, ya kutega baharini au ya kuzamisha nyambizi. Matoleo ya baadaye yaliizidishia sifa hiyo. Toleo la pili, Mk II, lilivikwa bati upande wa chini wa mabawa ya chini, ili moto wa roketi ilizorusha usiunguze kitambaa cha mabawa. La tatu, Mk III, likawekewa rada katikati ya miguu ya magurudumu, mahali palepale torpedo ilipokuwa ikining'inia.