Ngwe ya mgeni katika programu huria

Mkulima wa viazi kule Uyole akipata msaidizi asiyelijua shamba hamwachii shamba zima. Humkatia ngwe, kipande kilichopimwa ambacho mwenye shamba anajua kinalimika kwa siku moja. Miradi ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake, maelekezo ambayo kompyuta huyafuata, uko wazi na leseni yake inamruhusu yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza, ina desturi inayofanana na hiyo. Katika orodha ya kasoro na maombi, wasimamizi huzipa lebo maalumu kazi walizomtengea mtu ambaye hajawahi kuchangia. Kwenye GitHub, tovuti inayohifadhi miradi mingi ya aina hiyo, lebo hiyo husomeka “good first issue”, yaani kazi nzuri ya kuanzia.

Wengi huielewa kuwa ni lebo ya kazi rahisi, na hapo ndipo inapoharibika. Kusahihisha neno lililokosewa ni rahisi, lakini ikiwa hakuna aliyeandika ni faili gani liguswe, programu inajengwaje na majaribio yanaendeshwaje, mgeni atakwama siku tatu kwenye kazi ya dakika kumi. Ngwe huwa imekatwa vizuri pale msimamizi, ambaye angeimaliza mwenyewe kabla chai haijapoa, anapoiacha makusudi na kutumia muda huohuo, pengine hata zaidi, kuandika maelezo hayo.

Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga, kikwazo cha kwanza huenda kikawa bando. Msimbo wa Linux, kiini cha mfumo endeshi kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ukipakuliwa pamoja na historia yake yote huzidi gigabaiti 1. Git, programu ya kupakua msimbo na kutunza historia ya mabadiliko yake, inaweza kupakua hali ya sasa pekee, ukiongeza --depth 1 kwenye amri ya kunakili. Mwongozo usiosema hivyo umemkatia mgeni ngwe ng’ambo ya mto bila kumwonyesha daraja.

Si lazima ngwe iwe ya msimbo. OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, ilipotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo, kazi iliyohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilibidi kwanza watu wakubaliane juu ya istilahi, na hapo mjuzi wa lugha alihitajika kama mjuzi wa kompyuta.

Mgeni naye aseme mapema kwamba ameichukua kazi, na ikimshinda aseme vilevile, ili apewe mwingine. Aliyekwisha kuchangia mara mbili tatu aziache kazi zenye lebo hiyo, hata kama zinamvutia.