Bandari si neno la Kiarabu asilia

Ukikaa baraza ya kahawa Mji Mkongwe wa Unguja ukataja bandari ya Malindi iliyo papo hapo, au ile ya Mkoani kule Pemba, hakosi mtu wa kusema: "Bandari? Neno la Kiarabu hilo." Sivyo. Mwarabu akitaja bandari kwa neno lake mwenyewe husema *mina* au *marsa*. *Bandar* ni la Kiajemi, na Waarabu nao waliliazima kama sisi. Katika pwani ya Iran mpaka leo upo mji wa Bandar Abbas, na jina lenyewe linatangaza kuwa ni bandari.

Lililonivutia zaidi ni jinsi neno hili lilivyosafiri na majahazi na kubadilika kila lilipotia nanga. Kwa Wamalei limekuwa mji: Bandar Seri Begawan ni makao makuu ya Brunei. Waindonesia wamelipandisha hewani, uwanja wa ndege wakauita *bandar udara*, au kwa mkato *bandara*. Sisi tumeliongeza irabu mwishoni na maana tukaiacha palepale majini.

Lakini tusidanganywe na sauti. Kwa Kihindi *bandar* pia ni nyani, neno jengine kabisa, lenye asili ya Kisanskriti.

Na anayetaka Kiarabu cha pwani asiende mbali. Forodhani ni hatua chache tu kutoka Malindi, na *forodha* ni ya Kiarabu kweli.