Aliyetoka nje angani, kisha akazama chini kabisa ya bahari

Tukiwapeleka wanafunzi wa sekondari kisiwani Mbudya, karibu na Dar es Salaam, mwenzetu mpiga mbizi huzama na chupa ya maji ya plastiki, tupu, kizibo kimekazwa. Akifika mita kumi, chupa imebonyea: hewa iliyomo inakaa kwenye nusu tu ya nafasi ya awali. Kila mita kumi za maji ya bahari huongeza kanieneo, yaani mgandamizo, sawa na ile ya hewa yote iliyotulemea hapa ufukweni. Safari moja msichana wa kidato cha pili aliishika ile chupa, akaigeuzageuza, akauliza: na chini kabisa, kuna mwanamke aliyefika?

Yupo. Chini kabisa panaitwa Challenger Deep, magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, karibu mita 10,900. Huko kanieneo inazidi ya ufukweni zaidi ya mara elfu moja. Tarehe 7 Juni 2020 Mmarekani Kathryn Sullivan, akiwa na miaka 68, alishuka huko pamoja na rubani Victor Vescovo. Walijibana ndani ya tufe la titani ambalo ukuta wake una unene wa sentimita 9, na kushuka tu kulichukua kama saa nne.

Mama huyo alikuwa mwanaanga. Tarehe 11 Oktoba 1984 alitoka nje ya chombo cha anga kilichoitwa nacho Challenger, akawa Mmarekani wa kwanza wa kike kufanya hivyo. (Jina hilo halikugongana kwa bahati: shimo la bahari na chombo cha anga vyote viliitwa kwa heshima ya meli moja ya utafiti ya Uingereza ya karne ya 19.) Mrusi Svetlana Savitskaya alikuwa amemtangulia kwa chini ya miezi mitatu.

Watu hushangaa mtu mmoja amewezaje fani mbili. Mimi sishangai sana. Sullivan alisomea jiolojia ya sakafu ya bahari kabla ya kwenda angani, na kazi yenyewe ni ileile: kumfungia binadamu hewa yake mahali pasipo na hewa. Tofauti ni upande inakotoka nguvu. Vazi la anga huzuia hewa ya ndani isitoroke, nayo ni kama theluthi moja tu ya kanieneo ya hapa kwetu. Nyambizi huzuia bahari isiingie.

Aliyewafungulia wanawake njia ya angani, Valentina Tereshkova, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo aliyependa kuruka kwa mwamvuli kutoka ndegeni. Mwamvuli haukuwa pambo. Mwanaanga wa Vostok, chombo cha anga cha Kisovieti, alirushwa nje ya chombo wakati wa kurudi, akatua kwa mwamvuli wake. Juni 1963 aliizunguka dunia mara 48.

Chini ya bahari wanawake walibaniwa mlango kwa kisingizio. Mradi wa Marekani wa Tektite ulikuwa na nyumba ya kuishi wanasayansi, mita 15 hivi chini ya maji, kwenye visiwa vya Virgin. Wakubwa hawakutaka wanawake na wanaume walale humo pamoja. Hoja hiyo, kwa maoni yangu, haikuwa na chembe ya sayansi. Basi mwaka 1970 iliundwa timu ya wanawake pekee, watano, wakiongozwa na mtafiti wa bahari Sylvia Earle, wakakaa humo wiki mbili. Mwaka 1979 Earle alitembea kwenye sakafu ya bahari karibu na Hawaii, mita 381 chini, ndani ya vazi gumu la metali.

Na mwanaanga Mmarekani Jessica Meir? Huyu alitafiti jinsi pengwini wanavyobana pumzi wakizama Antaktika. Tarehe 18 Oktoba 2019, yeye na Christina Koch walitoka nje ya kituo cha anga, wanawake pekee kwa mara ya kwanza. Kazi za namna hiyo wanaanga huzifanyia mazoezi ndani ya bwawa huko Houston, wamevaa mavazi kamili. Kina chake ni mita 12, kinazidi kidogo tu pale tunaposhushia chupa Mbudya.