Nikeli na chuma katika mafuta ya maganda ya kahawa

Wageni wanaofika maabara kwetu hapa Arusha huonyeshwa chupa ya mafuta meusi yaliyotokana na maganda ya kahawa ya Moshi, na swali huwa lile lile: haya yanaingia kwenye pikipiki? Nawaambia wanuse kwanza. Yananuka siki na masizi, kama banda la kukaushia samaki.

Kuyapata ni kazi nyepesi. Maganda makavu hupashwa joto la nyuzi 500 hivi pasipo hewa, mvuke wake ukapozwa upesi. Kazi iko kwenye oksijeni, ambayo huchukua theluthi nzima ya uzito wa mafuta haya, au zaidi. Ndiyo inayoleta asidi inayokula vyuma, na kwa kila kilo nishati haifiki hata nusu ya ile ya dizeli. Wala hayatunziki: chupa niliyoisahau kabatini niliikuta nzito kama uji uliolala.

Ili kuitoa oksijeni hiyo, tunayapitisha mafuta kwenye haidrojeni ya moto yenye presha kubwa, juu ya kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika. Oksijeni inatoka kama maji, zinabaki haidrokaboni, jamii moja na petroli. Platini inaiweza kazi hiyo, ila huuzwa kwa gramu. Nikeli na chuma huuzwa kwa tani.

Nikeli peke yake ina pupa. Huipasua haidrojeni vizuri, lakini hukatakata na minyororo ya kaboni, mafuta yakapotea kama gesi ya methani. Chuma hupenda oksijeni (kutu ni ushahidi), hivyo huing'oa na kuiacha kaboni salama. Tatizo ni kwamba kwenye kuipasua haidrojeni ni kizito, na maji yakizidi kinashika kutu humo humo. Vikikaa pamoja kwenye punje moja ya kichocheo, nikeli huleta haidrojeni, chuma kinang'oa.

Utengenezaji wa kichocheo hiki unafanana na upishi. Chumvi ya nikeli, ya kijani kibichi, huyeyushwa pamoja na ya chuma, ikadondoshewa unga wa silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) mpaka ushikane kama unga ulionyunyiziwa maji. Unakaushwa, unachomwa, kisha unapitishiwa haidrojeni hadi uwe mweusi. Silika yenyewe imejaa kwenye majivu ya pumba za mpunga, na mpunga Chekereni, kule Moshi, upo.

Kinachotusumbua ni masizi: hujijenga juu ya punje na kuziziba, ikabidi yachomwe kwa hewa na kichocheo kianze upya. Kwa hiyo mafuta ya saa ya kwanza siyaamini sana, hata yakiwa meupe kama maji. Nasubiri ya saa ya mia.