Ukabaila wa Ulaya: ile piramidi ya darasani

Tuliosoma Historia Tanzania tunaikumbuka picha yake. Pembetatu, mfalme kileleni, chini yake makabaila, kisha askari wa farasi, na chini kabisa watwana, wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, waliowabeba wote. Tuliikariri pamoja na nyarubanja na umwinyi, mifumo ya ukabaila ya huku kwetu, tukaingia nayo kwenye mtihani. Si uongo mtupu, ila ina mengi iliyoyaficha. Tuyapime madai manne yanayosemwa sana kuhusu ukabaila huo.

"Kila mtu alikuwa na bwana mmoja, na mfalme hakuwa na bwana."

Juni 1329, ndani ya kanisa kuu la Amiens, Edward wa Tatu wa Uingereza alikula kiapo cha utii mbele ya Philip wa Sita wa Ufaransa. Mfalme mzima, mbele ya mfalme mwenzake! Edward alikuwa na ardhi ya Guyenne, iliyokuwa ndani ya ufalme wa Ufaransa, na kwa ardhi hiyo alihesabika kuwa mtu wa Philip, yaani kabaila aliye chini yake. Akirudi London, ni mfalme asiye na mkubwa. Mwaka 1337 Philip alitangaza kumnyang'anya Guyenne, na hapo ndipo vilipoanza vile Vita vya Miaka Mia.

Mabwana wadogo nao walishika ardhi kutoka kwa wakubwa wawili au watatu kwa mpigo. Wakubwa hao wakigombana, wa kufuatwa ni nani? Kesi za namna hiyo hazikwisha. Na wenyewe hawakuwa na neno moja la kuuita mfumo wao. Jina tunaloliita ukabaila (kwa Kiingereza "feudalism") walilitunga wanasheria na waandishi wa karne za baadaye. Mwaka 1974 mwanahistoria wa Marekani, Elizabeth Brown, alitaka liachwe kabisa. Mimi naona tunaweza kubaki nalo, mradi tusilisome kana kwamba ilikuwepo katiba iliyopigwa muhuri.

"Mtwana ni mtumwa kwa jina lingine."

Uingereza ya mwaka 1086 inalijibu hili. William Mshindi aliagiza ufalme wake uhesabiwe, na makarani wake waliandika watumwa mbali na watwana. Watumwa walikuwa karibu mmoja kati ya kila watu kumi walioorodheshwa. Baada ya hapo utumwa huo ulififia, utwana ukabaki.

Mtwana alikuwa na nyumba, mifugo na vipande vyake vya shamba, na mwanawe aliweza kuvirithi. Lakini siku mbili tatu za wiki zingeweza kuwa za shokoa, kazi ya lazima bila ujira, kwenye shamba la bwana. Binti yake akiolewa, mtwana analipa ada. Mtwana akifa, bwana anachukua mnyama bora zizini, wafiwa wakiwa bado wanalia. Hakuruhusiwa kuhama bila ruhusa. Akitorokea mji wenye hati ya uhuru na kukaa humo mwaka mmoja na siku moja bila kudaiwa, miji mingi ilimhesabu kuwa huru.

"Bwana alilala na bibi harusi usiku wa kwanza."

Filamu zinalipenda hili. Ubakaji ulikuwepo, hilo halina ubishi, lakini sheria iliyompa bwana haki hiyo haijaonekana. Kilichopo kwenye kumbukumbu ni ada ya ndoa niliyoitaja hapo juu.

"Walionyonywa walinyamaza, wakingoja pepo."

Nendeni St Albans, kaskazini mwa London. Mji ule ulikuwa mali ya abasia, yaani nyumba ya watawa iliyoongozwa na abate, na abasia ilikuwa na vinu vyake. Ukitaka unga, peleka nafaka kwenye kinu cha abate na ulipe. Watu wakakaidi, wakawa wanasaga nyumbani kwa vijaa, mawe ya kusagia kwa mkono. Abate Richard wa Wallingford, msomi wa nyota aliyebuni saa iliyosifika sana, akavikamata vijaa hivyo na kuyatandaza mawe yake kuwa sakafu ya sebule ya abasia. Kila aliyeitwa kuhojiwa humo alikanyaga jiwe la mama yake.

Tauni ya 1348 na 1349 ikaja, ikaua pengine nusu ya watu. Vibarua wakawa adimu, wakadai ujira mkubwa zaidi, na sheria ya 1351 ikaamuru walipwe kama kabla ya tauni. Ikafuata kodi ya kichwa: kufikia mara ya tatu ilikuwa wastani wa peni 12 kwa kila mtu aliyezidi miaka 15.

Juni 1381 wakulima wa Kent na Essex waliingia London. Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, akawaandikia hati za kufuta utwana. Siku zilezile watu wa St Albans walivunja sakafu ya sebule, karibu miaka hamsini baada ya mawe kutandazwa, wakagawiana vipande kama mkate uliobarikiwa kanisani.

Hati za mfalme zilifutwa wiki chache baadaye. Padri John Ball, mhubiri wa waasi, alinyongwa pale pale St Albans, Julai 15. Hata hivyo utwana wa Uingereza uliendelea kulegea, mkataba kwa mkataba, mpaka karibu ukatoweka kufikia mwaka 1600, bila sheria yoyote ya kuufuta. Urusi ilikwenda kinyume: iliukaza kwa sheria ya 1649, ikaja kuufuta mwaka 1861.